Wateja wa gesi wamejirudia kwenye simu, daftari na Excel: nianzie wapi kuwapanga?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Nina duka la gesi ya kupikia Kinyerezi, Dar es Salaam. Tunabadilisha mitungi ya kilo 6, 15 na 38, na kijana wetu wa bodaboda anapeleka majumbani. Biashara ipo, namshukuru Mungu, ila kumbukumbu za wateja zimenishinda. Nina daftari tatu, simu ya dukani yenye majina zaidi ya elfu moja, na Excel ambayo mpwa wangu alinianzishia akaishia katikati. Mama Neema peke yao wapo sita. Wengine nimewaandika "Mteja gesi", "Mteja gesi 2", "Geti jeusi". Kwenye Excel namba nyingi zimepoteza sifuri ya mbele, na nyingine zinaonekana 2.55712E+11, sijui zimeharibika au vipi.

Mwezi uliopita nilituma tangazo la bei mpya kwa WhatsApp. Kuna nyumba ilipata tangazo hilo hilo mara tatu, mtu mwingine akanijibu kwa ukali kwamba hajawahi kununua gesi kwangu, na wengi naona halikuwafikia kabisa. Kijana wa boda naye kila siku anapiga simu kuuliza nyumba iko wapi, hata kwa mteja wa siku nyingi.

Watu wananishauri ninunue programu ya kulipia kila mwezi. Ninunue? Na nisiponunua, nianzie wapi?

Muuza gesi, Kinyerezi


JIBU

Dada yetu wa Kinyerezi, salaam.

Programu usinunue kwa sasa. Yoyote utakayoichukua itakuomba kwanza uimwagie orodha uliyonayo, na hao Mama Neema sita wataingia wakiwa sita vilevile, safari hii ukiwa unawalipia kila mwezi. Jedwali la Google Sheets, ambalo ni la bure na linafunguka kwenye simu na kwenye kompyuta, linalitosha duka lako. Kinachokosekana ni utaratibu, na utaratibu huo unaanzia kwenye swali ambalo wenye maduka wengi hawajiulizi: mteja wako ni nani?

Kwa biashara ya gesi, mteja ni jiko. Leo mama mwenye nyumba anaagiza, wiki tatu baadaye baba anapiga akiwa kazini, safari ijayo ni dada wa kazi kwa laini yake mwenyewe. Watu watatu, namba tatu, mtungi mmoja. Wewe umewahifadhi kama wateja watatu, ndiyo maana tangazo liliingia nyumba moja mara tatu. Dada wa kazi akiacha kazi, namba yake inabaki kwenye orodha yako, na mtu asiyehusika tena na nyumba ile anaendelea kupata bei za gesi. Yule aliyekujibu kwa ukali huenda ni wa namna hiyo. Huenda pia ni mtu aliyepewa laini iliyokuwa ya mteja wako, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hugawiwa upya.

Kwa hiyo mstari mmoja wa jedwali uwe nyumba moja, na kila nyumba ipewe namba yake ya duka: K0001, K0002, na kuendelea. Namba hiyo isibebe maana yoyote ndani yake. Usiandike KIF-15-001 kwa kuwa anakaa Kifuru na anatumia kilo 15, kwani akihamia Segerea akachukua mtungi wa kilo 6, namba inaanza kusema uongo. Na nyumba ikiondoka, namba yake haipewi mwingine. Laini za simu hubadilika na majina huandikwa kila mtu kwa namna yake, Abdallah leo, Abdala kesho. Namba ya duka haibadiliki, na ndiyo itakayofunga kumbukumbu zako zote pamoja.

Sasa tengeneza faili moja lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite NYUMBA. Safu zake: namba ya nyumba, anavyoitwa, simu ya kwanza, simu ya pili na ni ya nani, mtaa, alama ya kufika, kampuni ya mtungi, kilo, ruhusa ya matangazo, hali, maelezo. Ukurasa wa pili uite MAUZO: tarehe, namba ya nyumba, kampuni, kilo, bei, alivyolipa, deni, aliyepeleka. Kila mtungi unaotoka dukani ni mstari mpya kwenye MAUZO. Kosa la kawaida ni kubana vyote kwenye ukurasa mmoja, ukiongeza safu ya "ununuzi wa 1", "ununuzi wa 2", "ununuzi wa 3" mpaka jedwali linafika upande wa pili wa dunia na halichujiki tena. Na deni lisikae kwenye maelezo hata siku moja. Deni ni fedha, liwe na safu yake ili ujumlishe.

Safu ya kampuni ya mtungi usiipuuze. Mteja wa Oryx akiagiza "wa kilo 15" na kijana akampelekea wa Taifa Gas, mtungi mtupu utakaorudi si wa kampuni ile uliyotoa, na mafuta ya boda yameshaungua. Kichwa cha regulator pia kinaweza kukataa. Hii ndiyo taarifa inayokuingizia fedha kila siku, kuliko tarehe ya kuzaliwa au barua pepe ambazo fomu nyingi hulazimisha. Usichokitumia usikiandike.

Tuje kwenye namba zilizokutisha. Ile 2.55712E+11 haijaharibika. Excel huichukulia namba ya simu kama kiasi, na kiasi cha tarakimu 12 na zaidi hukionyesha kwa kifupi. Ndani ya kisanduku tarakimu zote bado zipo. Ibadilishe safu iwe "Number" bila desimali, utaziona. Hatari ni moja: ukihifadhi faili hilo kama CSV (faili la maandishi matupu linalosomwa na programu nyingi) wakati bado linaonyesha E+11, kinachoandikwa ni hicho kinachoonekana, na hapo tarakimu za mwisho zimepotea kweli. Kwa hiyo usifanye CSV kabla ya kurekebisha muonekano. Sifuri ya mbele nayo imeondolewa kwa sababu hiyohiyo, kiasi hakianzi na sifuri. Na ukianza kuandika kwa alama ya +, Excel hudhani unaanza hesabu, inaifuta.

Dawa ni kuipa safu ya simu umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote. Kwenye Google Sheets bofya herufi ya juu ya safu, nenda "Format", kisha "Number", kisha "Plain text". Ukifanya hivyo baada ya sifuri kupotea hairudi yenyewe. Na chagua namna moja ya kuandika, tunapendekeza 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, bila +, bila nafasi, bila vistari. Mfano wa umbo: 2557XXXXXXXX, jumla tarakimu 12.

Kazi ya kusafisha ifanye kwenye ukurasa wa pembeni, usiguse asili. Toa namba za simu ya dukani kwa kuingia Google Contacts kwenye kompyuta, chagua "Export", kisha CSV. Kama majina yamehifadhiwa kwenye laini au kwenye simu tu, yahamishie kwanza kwenye akaunti ya Google ya duka. Zibandike namba zote kwenye safu A kuanzia mstari wa 2. Kisanduku B2 andika fomula hii (hii na zitakazofuata, zinakili kushuka hadi mstari wa mwisho):

=REGEXREPLACE(A2&"","[^0-9]","")

Hii inafuta kila kisicho tarakimu: nafasi, vistari, alama ya +, hata vile vialama visivyoonekana vinavyoganda kwenye namba iliyonakiliwa kutoka kwenye meseji. Hivyo vialama ndivyo hufanya namba mbili zinazofanana machoni zikataliwe kuwa sawa. C2 andika =LEN(B2), uone tarakimu ni ngapi. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania itatoa 9 (imepoteza sifuri), 10 (inaanza na 0) au 12 (inaanza na 255). Yoyote yenye idadi nyingine ichuje uiangalie kwa macho. Pia zitazame za tarakimu 9 zinazoanza na 0, hizo zimekosa tarakimu moja na hazitapatikana mpaka umuulize mwenyewe. Na za tarakimu 12 zisizoanza na 255 zitoe pembeni: za Kenya, Uganda na Rwanda nazo zina tarakimu 12, zikianza na 254, 256 na 250. Mteja ambaye ndugu yake wa Oman ndiye anayemlipia gesi atakuwa na namba ya tarakimu 11 inayoanza na 968. Zote hizo ziandike kwa mkono kama zilivyo.

Zilizobaki sasa ndiyo unazipitisha kwenye D2:

="255"&RIGHT(B2,9)

Wengi hurukia hatua hii ya mwisho moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba inachukua tarakimu tisa za mwisho bila kuuliza, hivyo namba yenye tarakimu ya ziada inageuzwa kuwa namba ya mtu mwingine, iliyonyooka kabisa, na hutakuja kujua. Nakili safu D, ibandike kama maandishi matupu kwa "Paste special" na "Values only", ndipo uihamishie NYUMBA.

Kuwapata wanaojirudia, weka E2 =COUNTIF(D:D,D2). Penye 2 au zaidi pamejirudia. Usibonyeze kitufe cha "Remove duplicates". Kinabakiza mstari wa kwanza na kuitupa mingine pamoja na alama ya nyumba uliyokuwa umeiandika kwenye mstari wa tatu. Panga jedwali kwa safu D, wanaofanana wakae jirani, unganisha taarifa zao kwa mkono, kisha futa. Nyumba moja yenye namba tofauti haitaonekana kwa fomula. Hizo utazikamata mteja akipiga, kwa swali moja: "Tunaleta nyumba gani?" Akikutajia nyumba ambayo tayari ina K yake, namba anayopigia inaingia kwenye simu ya pili.

Majina elfu moja usiyaingize yote. Anza na walionunua miezi sita iliyopita, kama nyumba 20 au 30 kwa siku wakati duka limetulia. Wengine waweke ukurasa unaoitwa ZAMANI. Atakayepiga anahamishwa, asiyepiga anabaki huko. Majina kama "Mteja gesi 2" yasiyo na kumbukumbu yoyote kwenye daftari yafute tu, hayana kitu cha kukufaidia.

Jina lililotoka kwenye ujumbe wa M-Pesa lisikudanganye. Ni la aliyesajili laini, na laini nyingi zimesajiliwa na ndugu, mume, au mwenye nyumba. Likusaidie kulinganisha malipo, ila kwenye "anavyoitwa" andika jina unalomwita nalo ukimpigia: Mama Neema, Mzee Salum, Mwalimu. Na kwenye simu ya dukani mhifadhi hivi: "K0147 Mama Neema Kifuru". Simu ikiita unaona namba ya nyumba papo hapo, na Mama Neema sita hawachanganyiki tena.

Safu za mtaa, kampuni, kilo, ruhusa na hali zisiandikwe kwa mkono. Ziwekee orodha ya kuchagua kupitia "Data" na "Data validation". Bila hiyo utapata "Kinyerezi", "Kinyerez", "K/rezi" na "kinyerezi mwisho" kama mitaa minne, na siku ukichuja wateja wa Bonyokwa utawaona nusu tu. Tarehe nazo ziandike mwaka kwanza: 2025-04-03. Ukiandika 03/04, kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kama tarehe 4 Machi.

Alama ya kufika inastahili uangalifu wako wote, kwa kuwa hapo ndipo kijana wako anapopotezea muda na mafuta. "Geti jeusi" si alama. Mageti meusi ni mengi na hupakwa rangi upya. Andika kuanzia mahali pasipohama, uelekee nyumba: "Kutoka kituo cha daladala, barabara ya vumbi kushoto kwenye msikiti, nyumba ya nne kulia, duka la dawa mbele yake." Kama nyumba ina kibao cha anwani ya makazi, andika jina la barabara na namba ya nyumba vilivyo kwenye kibao. Zaidi ya hapo, mwombe mteja akiwa nyumbani akutumie eneo lake kwa WhatsApp, achague eneo la sasa, si la mubashara. La mubashara humfuata anakokwenda na hukatika baada ya muda usiozidi saa nane tangu alitume. Lifungue kwenye Google Maps, nakili kiungo chake, kibandike kwenye safu ya alama. Mwenye kujaza safu hii awe kijana wa boda mwenyewe. Akirudi dukani kutoka nyumba mpya, kabla hajapewa safari nyingine, anakutajia njia, wewe unaandika.

Kuhusu matangazo. Orodha ya kutuma kwa wengi ya WhatsApp inachukua watu 256, na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kama ndivyo ulivyotuma, huenda ndiyo sababu wengi hawakupata. Kila mteja mpya mwambie palepale: "Hifadhi namba yetu, andika Gesi Kinyerezi." Kundi la WhatsApp la wateja usifungue, maana kila aliyemo ataziona namba za wenzake, na hukuwaomba ruhusa hiyo. Ukitumia meseji za kawaida, moja inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu inashuka hadi 70, na tangazo lililokuwa la meseji moja linakugharimu mbili au tatu.

Safu ya ruhusa ijaze ndiyo au hapana, na tarehe uliyoulizia iandike kwenye maelezo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina na simu ya mteja ni taarifa binafsi. Sheria inataka mtu ajue unakusanya kwa ajili ya nini, na inampa haki ya kukuzuia usimtumie matangazo. Wanaokusanya taarifa hizi wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo wasiliana nao wakueleze duka la ukubwa wako linahitajika nini. Aliyesema hapana usimfute kabisa. Ukimfuta, siku ukiingiza tena majina kutoka kwenye simu atarudi kama mteja mpya na utamtumia tena. Mbakishe na namba yake, na kwenye hali uandike "asitumiwe". Yule aliyekujibu kwa ukali awe wa kwanza kuandikwa hivyo, baada ya kumwomba radhi.

Ukishakuwa na MAUZO ya miezi michache, jedwali litaanza kukulipa. Nyumba iliyochukua mtungi tarehe 3 Machi, 29 Machi na 25 Aprili imekaa siku 26, kisha 27. Mtungi unaofuata utaisha karibu na tarehe 21 au 22 Mei. Ukimpigia tarehe 19 unamkuta kabla hajaishiwa usiku na kumpigia mwingine. Hesabu ni tarehe ya mwisho kutoa ya kwanza, gawa kwa idadi ya manunuzi kutoa moja. Nyumba yenye mitungi miwili itakupa hesabu isiyoeleweka, iandikie maelezo. Ramadhani, likizo za shule na misiba pia hupindisha mambo, hivyo ukipiga uliza hali, usimsukume.

Faili liwe kwenye akaunti ya duka unayoijua nywila wewe, yenye uthibitisho wa hatua mbili, si akaunti ya mpwa. Kijana wa boda asipewe jedwali zima. Kila safari mtumie jina, simu, alama na aina ya mtungi wa nyumba anayokwenda, basi. Siku akiacha kazi hataondoka na wateja wako wote. Kila Jumamosi jioni pakua nakala moja uihifadhi nje ya simu ya dukani, na usiipe jina la "nakala mpya". Ipe tarehe. Mara moja kila baada ya miezi mitatu chuja nyumba zisizonunua siku 90, zipigie, na hali yao iandikwe: amehama, amebadili duka, namba haipatikani.

Daftari usilitupe. Umeme na bando hukatika, oda zinaendelea. Lipigie mistari kwa mpangilio uleule wa MAUZO, na jioni hamishia kila mstari kwenye jedwali, ukiuwekea tiki.

Programu ya kulipia ifikirie siku utakapokuwa na maduka mawili, au watu wawili wakiandika oda kwa wakati mmoja wakagongana. Siku hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji akuonyeshe mbele yako jinsi ya kutoa wateja wote na mauzo yote kwenda kwenye faili la CSV. Akishindwa, au akisema huduma hiyo ina malipo ya ziada, tafuta nyingine.